Kahawa Iliyolala

Katika nyumba ile palikuwa na kitu kimoja tu kilichoamriwa kulala, nacho kilikuwa kopo la kahawa, na hakuna mtu aliyekiacha kilale.

Mwenye kopo aliitwa Mizani. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, limeandikwa kwenye karatasi zake, lakini tangu alipoanza kupima kila kitu kwa gramu, mpaka chumvi ya mboga, ndugu zake walilisahau. Miaka sita aliwatengenezea watu kahawa kwenye hoteli moja kubwa, kisha akarudi nyumbani kwa mama yake na vitu vitatu: mashine ya espreso iliyokwisha kutumika, ile inayosukuma maji ya moto kwa nguvu ndani ya unga wa kahawa, tanuri dogo la kukaangia linalomeza kilo moja moja, na mashine ya kusagia ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, kwa hiyo kila mtu aliigusa. Akavipanga chumba cha mbele, akatoa kochi, akaingiza meza mbili na viti vyote vya jikoni, akasema hapa ni mkahawa. Mama yake akasema hapa ni sebuleni. Mpaka leo hawajaelewana.

Wateja walikuja, tatizo halikuwa wateja. Tatizo ni kwamba ile ilikuwa nyumba ya watu. Hujapiga mswaki, jirani ameshaingia kuazima pasi na amekaa. Mteja akija kunywa kikombe kimoja awahi kazini, Mama atamuuliza habari za mkewe, za mguu wake, za yule shemeji yake aliyehama bila kuaga. Akija kushtuka saa imekwenda, anatoka mbio hajanywa kitu, ameshiba maneno. Tena Mama alikuwa na tabia yake nyingine. Hakuna kilichoingia nyumba ile asikikate fungu la siri. Sukari, mchele, sabuni, mishumaa, vyote viliacha kipande kwenye sanduku lake la nguo chini ya kitanda. Ukimuuliza, jibu ni lilelile: "Akiba haiozi."

Na ukidhani hapo umemaliza, bado kuna mdogo wake Mizani wa kiume, ambaye mtaa ulimbatiza Spika, kwa sababu neno likiingia kwake hutoka limeongezwa sauti.

Sasa fikiria mtu anayeishi humo asikie kwamba mwenye duka la vitabu, ng'ambo ya barabara kuu, anafanya ukarabati na anatafuta mtu wa kahawa kwa ile kona ya dirishani. Mizani hakulala siku mbili. Duka la vitabu. Mahali ambapo watu hukatazwa kuzungumza.

"Hiyo ni maktaba, dada," Spika alimwambia. "Dukani watu wanaongea."

"Hata wakiongea, wana haya kidogo."

Mwenye duka alikuwa mzee mkimya, miwani yake inaning'inia kwa uzi, na alipanga kuonja kahawa ya watu watatu, kila mmoja mahali pake pa kazi. Alichotaka kilijulikana mtaa mzima, shukrani kwa Spika: hataki kahawa nyeusi ya kuungua. Anataka iliyokaangwa kidogo, ambayo ukiinywa unalipata tunda lake, na itoke kwenye mashine, siyo kwenye birika. Mtu wa kwanza alimpa kahawa aliyoikaanga juzi yake. Ikatoka povu kama la sabuni, na ukali uliomfanya mzee afumbe jicho moja na kuondoka nalo hivyohivyo. Wa pili alipangiwa siku yake, na Mizani akapewa ya mwisho: Jumamosi, saa nne asubuhi, wiki tatu mbele.

Wiki tatu zilikuwa zawadi. Kahawa ikitoka motoni huwa imevimba hewa. Iliyokaangwa sana imepasukapasuka ndani, hewa yake hutoka upesi, wiki moja inatosha. Lakini iliyokaangwa kidogo ni ngumu kama ushanga. Hewa imejifungia humo na hutoka kwa madaha, siku baada ya siku. Ukiisaga bado imevimba, maji ya mashine yanakutana na ubishi, yanatafuta upenyo, yanapita upande mmoja, na kikombe kinajaa povu na uchachu. Dawa yake haina njia ya mkato: iache. Mzee aliyemfundisha Mizani kazi hotelini alikuwa na msemo mmoja, alioukariri kila walipozima tanuri: "Kahawa lazima ilale." Mizani alilimeza neno hilo kama lilivyo, bila kulitafuna.

Buni aliyoitaka alikuwa nayo kilo mbili tu. Akakaanga moja, akaitoa ikiwa na rangi ya mdalasini, akaitia kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana na kitundu cha kutolea hewa. Akalipandisha rafu ya juu stoo na kulibandika karatasi: KAHAWA IMELALA. ISIGUSWE. Na tarehe.

Siku ya kwanza haikuisha kabla halijafunuliwa.

"Mwanangu," Mama alisema, pua ndani ya kopo, "hii uliikaanga ukaogopa?"

"Mama, funga."

"Naangalia tu."

"Ukiangalia inaingia hewa."

"Si ulisema inatoa hewa?"

"Inatoa ya kwake. Ya nje hatuitaki."

"Kahawa ina masharti kuliko mganga," Mama alisema, akalifunga nusu.

Siku ya tatu Mizani alilipima kopo, akakuta limepungua gramu sitini na nne. Hewa ikitoka huondoka na gramu chache, hilo alilijua, lakini hewa gani hiyo yenye uzito wa gramu sitini na nne. Akamfuata Spika uani.

"Dada, mimi kahawa yako siinywi. Ina uchachu wa ndimu."

"Umejuaje ina uchachu kama huinywi?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Watu."

Spika aliapa kwa macho yake yote mawili. Mizani akamwambia macho hayo ndiyo yaliyoona kopo, na tangu siku hiyo hakumpa hata kikombe cha maji.

Siku ya nane alimkuta fundi cherehani, jirani yao wa ukuta mmoja, amesimama kwenye kigoda ndani ya stoo, kopo limefunuliwa, anavuta pumzi ndefu. Alisema ana mafua, na harufu ile inamfungua. Mizani akanunua kufuli. Mama akauliza tangu lini yeye ni mfungwa ndani ya nyumba yake, maana mchele wake umo humo na sabuni zake zimo humo. Wakasuluhishwa na jirani wa pasi: kufuli litakuwepo, na ufunguo utaning'inizwa kwenye msumari, kando ya kufuli.

Siku ya kumi na tano Mizani alichota gramu kumi na nane, akasaga, akaonja. Kahawa bado ilikuwa inapiga kelele kikombeni. Siku ya kumi na nane akaonja tena, na hapo akakaa chini. Ilikuwa imetulia. Mwanzo ukali kidogo, kisha utamu unaokuja nyuma yake taratibu, kama mtu mwenye adabu anayesubiri mwenzake amalize kusema. Akachukua kalamu ya risasi, akatia alama kwenye gurudumu la mashine ya kusagia, lile linalopanga unga uwe laini au wa chenga, pale pale lilipokuwa, ili Jumamosi asibahatishe.

Ijumaa akafika Mama Mdogo.

Mama Mdogo, mdogo wake Mama, alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ule ilipita mikononi mwake ikiwa haina nguo, na hakuna mtu aliyewahi kusahau hilo, hasa yeye. Alikuja kwa sababu Spika alimpigia simu. Spika alisema nini hasa hakuna ajuaye. Mama Mdogo alichosikia ni kwamba kesho kuna mgeni mzito, na Mizani amepanga kumnywesha kahawa iliyolala wiki tatu.

Sasa, kila aliyelelewa kwenye nyumba yenye jiko anajua kitu kilicholala ni kitu gani. Wali uliolala, maharage yaliyolala: ni kiporo. Kiporo mnakula wenyewe, asubuhi, kikishapashwa moto, mlango umerudishwa. Mgeni hapewi kiporo hata kama humpendi.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni anakuja?"

"Saa nne."

"Na kahawa yenyewe ni ile ya stoo?"

"Ndiyo hiyo."

"Ambayo imelala."

"Imelala wiki tatu kamili," Mizani alisema, na kifua kikamtoka kidogo kwa fahari.

Mama Mdogo alimtazama dada yake. Dada yake akatazama dari.

"Haya," Mama Mdogo alisema. "Mungu ni mwema."

Jumamosi saa mbili, mashine ya espreso ilianza kuvuja. Mpira wake wa ndani ulikuwa umechoka. Mizani akaufungua, akaufunga kwenye karatasi, akaenda nao mbio mitaa miwili kwa fundi wa pampu atafutiwe unaofanana nao. Hakukaa hata dakika arobaini.

Harufu ilimpokea kwenye kona. Alijiambia ni nyumba nyingine. Akajiambia hivyo mpaka alipofika mlangoni, akakuta moshi unatoka kana kwamba nao umechoka kukaa ndani.

Jikoni, Mama Mdogo alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni, mwiko mkononi, mbele yake kikaango kikubwa kuliko vyote. Ndani ya kikaango zilikuwemo punje nyeusi, zinang'aa mafuta kama viatu vya askari.

"Umefika, mwanangu. Nimekupashia."

"Umenipashia nini?"

"Kahawa yako. Si ilikuwa imelala?"

Mizani alitafuta kiti. Vyote vilikuwa chumba cha mbele. Akakaa juu ya ndoo.

"Yote?"

"Nipashe nusu ili iweje? Nusu ya mgeni ihare?"

"Mama Mdogo, nani alikutuma?"

"Hivi kitu kilicholala hufanywaje? Mimi nina miaka sabini, sijawahi kumpa mgeni kiporo, na sianzi kwa ajili yako. Halafu nikuambie ukweli, ilikuwa imeshapauka. Nyeupe kama mtu aliyeona nyoka. Sasa iangalie, imepata damu."

Mizani angelia, lakini kulia kunahitaji nafasi, na jikoni walikuwa wameshajaa. Spika alikuwa mlangoni, fundi cherehani nyuma yake na mafua yake, jirani wa pasi nyuma ya fundi. Wote walikuwa na uso wa msiba wa watu wengine.

Kilo ya pili ya buni mbichi ilikuwepo. Angeweza kuikaanga kwa dakika kumi. Ingetoka motoni saa tatu na robo, na saa nne mzee angepata povu lilelile la sabuni, na lile jicho lingefumba tena.

"Mpigie simu useme unaumwa," Spika alishauri.

"Anaamua leo. Mimi ndiye wa mwisho."

"Sema mimi ndiye ninayeumwa."

"Wewe unaumwa kweli. Mdomo."

Mama peke yake hakusema kitu. Mama akinyamaza kwenye chumba chenye watu, ama ana homa ama ana hatia. Alitoka taratibu, ikasikika sauti ya sanduku likivutwa chini ya kitanda, akarudi na chupa ndogo ya jemu ameifunika kwa kiganja, kama mtoto aliyeokota kitu.

"Siku ile ya kwanza," alisema, "nilichota kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Akiba."

Mizani aliipokea chupa. Punje zilikuwa na rangi ya mdalasini, vilevile zilivyotoka motoni, na kifuniko kilikuwa kimekazwa kwa nguvu zote za mama anayeficha kitu. Alipokizungusha, chupa ilitoa pumzi, fyuu, kama mtu aliyeambiwa anaweza kukaa sasa. Alinusa. Halafu akazimimina kwenye bakuli juu ya mizani ndogo.

"Ngapi?" Spika aliuliza.

Mizani alilisogeza bakuli katikati, akapima tena.

"Dada. Ngapi?"

"Sitini na nne."

Spika akakunja mikono kifuani. "Endelea. Nasikiliza."

"Samahani."

"Sijasikia. Hapa pana watu wengi."

"Spika, nilikuonea, nisamehe, na sasa toka kwenye mlango nipite."

Gramu sitini na nne. Kumi za kusafisha koo la mashine ya kusagia, lisibaki na vumbi la kahawa ya jana. Zinabaki hamsini na nne, yaani kumi na nane mara tatu. Vikombe vitatu, na cha nne hakipo duniani. Mizani alirudishia mpira mpya, akapasha mashine mpaka maji yakaribie kuchemka, kwa sababu kahawa ngumu haitoi siri zake kwa maji ya uvuguvugu. Saa nne kasoro dakika tano mwenye duka la vitabu alibisha hodi, akaketishwa, na kabla hajavua miwani Mama alikuwa ameshamuuliza ana watoto wangapi.

Mizani aliinamia mashine ya kusagia kutafuta alama yake ya kalamu. Gurudumu lilikuwa linang'aa. Hakuna alama.

"Nani amepangusa hapa?"

"Mimi," Mama alisema, akimgeukia mgeni. "Palikuwa na uchafu wa kalamu."

Na Mama akipangusa kitu hukizungusha. Mizani akakadiria kwa jicho, akasaga kumi na nane za kwanza, akazikoroga kwa sindano zisifanye madonge, akashindilia, akabonyeza. Kahawa ikashuka kama bomba lililosahauliwa. Sekunde kumi na mbili, kikombe kimejaa. Maji ya rangi. Spika alikinywa ili kisipotee, akakunja uso mpaka shingoni.

"Ndiyo ile ndimu niliyoisema."

"Si uliambiwa na watu?"

Akakaza gurudumu, vijino viwili. Kumi na nane za pili. Safari hii kahawa ilikaa kimya kwanza, sekunde sita, saba, nane, kisha likatoka tone, likafuatwa na lingine, kisha uzi mwembamba wa rangi ya asali, umenyooka, hautetemeki. Sekunde thelathini na mbili, gramu arobaini na tano. Mizani hakuwa na haja ya kuionja. Aligeuka kuchukua kisahani. Ni kisahani tu, kilikuwa hatua moja nyuma yake.

Alipogeuka tena, Mama alikuwa anakoroga.

"Mama. Umetia nini?"

"Vijiko viwili tu. Mgeni hapewi kitu kichungu."

Fundi cherehani akazuia chafya. Mizani alifunga macho, akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi na nane, maana ndiyo hesabu aliyokuwa nayo karibu.

"Sasa nisikilizeni," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Kila mtu humu ndani aweke mikono mgongoni. Wote. Spika. Fundi. Mama, na wewe. Mama Mdogo, weka huo mwiko chini kwanza."

Wakaweka. Mwenye duka la vitabu naye, aliyekuwa hajatenda kosa lolote, akaweka mikono yake mgongoni.

Za mwisho zilisagwa watu wakisikia kila punje inavyopasuka. Tone, tone, uzi. Mizani hakuondoa macho kwenye kikombe. Alikitembeza mwenyewe hatua nne mpaka mezani, akitumia kiwiko kumsogeza mama yake mzazi.

Mzee alikunywa kidogo. Akakiweka kikombe, akakitazama, akakunywa tena. Macho yote mawili yalibaki wazi.

"Uliikaanga lini?"

Mama Mdogo aliinamisha kichwa, tayari kwa aibu ya ukoo.

"Leo wiki tatu," Mizani alisema.

"Inaonekana. Imelala vizuri."

Mama Mdogo alimtazama yule mzee kwa huruma nyingi, kama mtu aliyegundua kwamba mwenzake hakupata mama wa kumlea.

"Wa kwanza hakuwa na subira," mzee aliendelea, "na wa pili aliogopa, akaikaanga mpaka ikawa mkaa. Kona ni yako. Nafungua wiki ya nne kuanzia leo, Jumamosi. Siku hiyo nataka hii hii, isibadilike." Akakimalizia kikombe. "Naweza kupata nyingine?"

"Imekwisha," Mizani alisema.

"Ipo," Mama Mdogo alisema, na kabla mtu hajamzuia alikuwa amesharudi na kikombe cha ile aliyoipasha, nyeusi, nzito, inatoa moshi. Mzee alikuwa na adabu zake. Alionja kwa ncha ya ulimi, akakitua kikombe mezani polepole sana, kama mtu anayelaza mtoto aliyesumbua, akashukuru, akaaga.

Alipotoka tu nyumba ililipuka kwa maneno. Mama alikuwa ameshapanga nani atakaa wapi kwenye hiyo kona, Spika anatangaza dirishani. Mizani hakushangilia. Alikuwa anapiga hesabu. Kilo moja imebaki. Ikaangwe kesho kutwa Jumatatu, ipate siku ishirini na sita za kupumzika kabla ya ufunguzi. Buni nyingine kama ile haipo. Ikipashwa hii, kona imekwenda.

Jumatatu jioni kopo lilijaa tena. Akachukua karatasi na kalamu, akawaita wote mezani.

"Leo tunatafuta neno. 'Imelala' nimelifuta. Niandike nini ili mtu asiguse?"

"Andika 'imepumzika,'" Spika alisema.

"Aliyepumzika huwa tumeshamzika," Mama alisema. "Usiniwekee maiti stoo, na mchele wangu umo."

"'Imekaa,' basi."

"Kilichokaa ni kibaya kuliko kilicholala," Mama Mdogo alisema. "Kilichokaa hata hakipashwi, kinamwagwa."

"Imetulia."

"Hiyo ukiandika," Mizani alimwambia mdogo wake, "vijana wenzako watadhani unaisifia, waje kuonja."

Kalamu ilimwanguka. Uvumilivu wake wa mwezi mzima ukaanguka nayo. "Jamani, ni kitu kigumu gani kuelewa? Imetoka kwenye moto. Imechoka. Tumbo lote limejaa hewa, na hewa hiyo inatoka yenyewe, kidogo kidogo, kwa siku zake. Haitaki kelele. Haitaki kufunuliwafunuliwa. Haitaki kila jirani mwenye mafua aje kuichungulia. Haijaharibika, haidai kitu, inataka kuachwa tu mpaka nguvu zake zirudi. Basi. Hilo tu."

Mama Mdogo alikuwa ameuacha mdomo wazi.

"Mwanangu," alisema. "Huyo ni mzazi."

"Nani?"

"Huyo unayemsema. Mwanamke aliyetoka kujifungua. Ni yeye huyo huyo, mpaka hilo tumbo la hewa. Sasa si ungesema? Unakuja hapa na imelala, imelala. Mimi nifahamu nini? Miaka arobaini nimefukuza watu kwenye vyumba vya wazazi, ungenieleza kwa lugha ya kazi yangu, nani angegusa kopo lako?"

Mizani aliinama. Akaokota kalamu, akaandika neno moja kwa herufi kubwa, akalibandika: MZAZI.

Mama Mdogo aliaga kwamba angerudi kwake Jumanne. Hakurudi. Jumanne alikwenda kwake kuchukua mabegi yake tu, akaja kuhamia.

Siku ya kumi na tano Mizani alitaka kuonja, kama kawaida ya kazi. Msumari wa ufunguo ulikuwa mtupu. Mlangoni pa stoo palikuwa na kiti, na juu ya kiti Mama Mdogo, amefunga kitambaa kichwani, anafuma. Fundi cherehani alikuwa amesharudishwa mara tatu na mafua yake. Mama alikuwa hajaona mchele wake tangu Alhamisi, na alikuwa ananunua dukani kama mpangaji. Nyumba nzima ilikuwa inanong'ona; hata Spika alikuwa anatoka mpaka barabarani kusema jambo lake.

"Mama Mdogo, naomba ufunguo."

"Wa nini?"

"Nionje. Gramu kumi na nane tu."

"Siku ngapi leo?"

"Kumi na tano."

"Bado changa."

"Mama Mdogo, mimi ndiye mwenye kahawa."

"Hata mwenye mtoto huwa namrudisha. Anakuja na maua yake na machozi yake, namrudisha."

"Lakini lazima nijue inaendeleaje."

"Inaendelea vizuri. Nimeipitia asubuhi, kwa nje, sikuigusa." Alivuta uzi, akahesabu vifundo vyake, hakuinua macho. "Nenda huko kwenye vitabu vyako ukasome kimoja. Na ukiondoka kanyaga polepole, hivyo viatu vyako vina kelele. Mzazi amelala."